Kupanda chai bustanini nyumbani: mwongozo kuanzia udongo mpaka kikombe

Watu wengi wakisikia kamelia wanafikiria yale maua makubwa ya Kijapani, kumbe kamelia inayolimwa kuliko zote duniani tunaipita kila siku barabarani ukienda Mufindi, Njombe, Tukuyu, Lushoto, Kericho, Limuru au Fort Portal. Ni chai hii hii, jina lake la kitaalamu Camellia sinensis. Na haihitaji uwe na heka. Miche kumi kando ya uzio inatosha kukupa kichaka cha kijani mwaka mzima, maua madogo meupe yenye kiini cha njano yanayonukia vizuri, na majani ya kunywa ambayo unajua yametoka wapi na hayajapuliziwa nini.

Nasema mapema kabisa ili usome yanayofuata ukiwa na hili kichwani: kinachoamua kama chai yako itaishi ni udongo wenye asidi. Sio mbolea wala dawa, na sio kwamba ulipata mche wa aina gani. Wanaoshindwa wengi wanashindwia hapo, tena kwa kuufanyia udongo mambo mazuri ambayo mahindi na mboga vingeyashukuru.

Hatua ya kwanza: ujue kama kwako panafaa

Chai inapenda ubaridi wa wastani na hewa yenye unyevu. Kenya mashamba mengi yako kati ya mita 1,500 na 2,700 juu ya usawa wa bahari. Tanzania kuna sehemu inashuka chini zaidi, Usambara ya mashariki upande wa Amani ipo kwenye mita 900 na kitu kwa sababu ukungu na mvua za kule hazikatiki, na ni hapo hapo Amani Wajerumani waliijaribu mwaka 1902 kabla ya kuipeleka Rungwe 1904, Limuru nayo ikaanza 1903. Mvua inayotakiwa ni kama milimita 1,200 kwenda juu kwa mwaka, tena iliyosambaa, ila wewe wa nyumbani una ndoo na mpira wa maji kwahiyo mvua isikutishe sana, cha kutisha ni jua kali na upepo mkavu kwa pamoja.

Walioko Dar, Tanga mjini, Mombasa na Zanzibar jamani nawaambia ukweli, hapa siyo mahali pake. Joto halishuki usiku, na udongo mwingi wa pwani umekaa juu ya matumbawe, yaani ni chokaa, na chokaa ndo adui namba moja wa huu mmea. Unaweza kuweka mmoja kwenye chungu kivulini na udongo wa kuletwa toka milimani, utaishi lakini hautachangamka. Panda mchaichai tu, utakunywa mwaka huu huu.

Walioko Ulaya na Marekani sehemu zenye baridi isiyo kali sana mna nafasi nzuri, Cornwall kule Uingereza kuna shamba la Tregothnan linauza chai yake tangu 2005. Tafuteni aina ya China yenye majani madogo, hiyo inavumilia baridi. Aina ya Assam yenye majani mapana, ambayo ndo imejaa huku kwetu, barafu inaiua. Na kama unatamani pia zile kamelia za maua makubwa, matunzo ya udongo ni yale yale, asidi, matandazo, maji yasiyosimama, isipokuwa zile unazikata mara tu baada ya kuchanua kwa sababu vitumba vya mwaka unaofuata vinatungwa wakati wa joto, ukichelewa kukata umeyakata maua yako mwenyewe.

Hatua ya pili: udongo, na hapa usiharakishe

pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo ambapo namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi, inatakiwa iwe 4.5 mpaka 5.5. Ikikaribia 6 majani yanaanza kuwa ya njano na mche unadumaa, ikipita hapo unasubiri kuuzika tu. Chai ni mmea wa ajabu, inafyonza aluminiamu ambayo mimea mingi inaumizwa nayo, na aluminiamu inapatikana kwenye udongo wenye asidi. Ndo mana kama kuna ua la haidrenjia mtaani kwako linatoa maua ya bluu unaweza kufurahi, maana bluu hiyo inatokana na aluminiamu hiyo hiyo, likitoa pinki basi tia shaka, huenda udongo wako hauna asidi ya kutosha. Dalili nyingine ni kangaga, zile ferni za porini, zikiota zenyewe kwa wingi kwenye kiwanja ni ishara nzuri. Lakini dalili ni dalili, pima. Ukipata hela kidogo peleka sampuli maabara, Tanzania kuna TARI Mlingano kule Muheza na SUA Morogoro, Kenya kuna KALRO, au nunua kile kipimo cha karatasi cha kubadilika rangi, hakina usahihi wa maabara ila kitakuambia kama uko 5 au 7.

Sasa kuhusu majivu. Huku kwetu majivu ya jikoni ni zawadi, tunamwaga kwenye migomba, kwenye mchicha, kwenye kila kitu. Kwenye chai usithubutu hata kiganja kimoja, majivu yanafanya kazi ile ile ya chokaa, yanaua asidi. Na hayaishi haraka, wakulima wa zamani wa chai wanajua kwamba ukipanda kwenye mahame, pale palipokuwa na nyumba na jiko na zizi miaka iliyopita, utaona duara zima la chai inakufa wakati pembeni yake imestawi. Kwahiyo kabla hujachimba muulize mzee wa hapo nyumbani jiko la zamani lilikuwa wapi, shimo la taka lilikuwa wapi, walichomea wapi mabua. Kaa mbali na hayo maeneo. Kaa pia walau mita moja na nusu kutoka ukutani, mabaki ya saruji na chokaa ya mafundi yanabaki ardhini pale chini ya ukuta miaka mingi.

Kama pH yako iko juu kidogo, tuseme 6, unaweza kuishusha kwa salfa ya unga, ile ile wanayopulizia mikorosho kule Mtwara na Lindi. Changanya kama gramu 50 mpaka 70 kwa kila mita moja ya mraba kwenye udongo wa juu, mwagilia, kisha subiri miezi kadhaa maana ni bakteria wa udongoni wanaoigeuza salfa kuwa asidi na wao hawana haraka, halafu pima tena. Usimwage nyingi kwa mkupuo ukidhani utafupisha muda. Na kama pH yako ni 7 na nusu, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, achana na ardhi, tumia chungu.

Maji kutotuama ni sharti la pili. Chimba shimo la nusu mita, jaza maji, yakinywewa jaza tena, rudi kesho yake. Ukikuta bado yamesimama usipande hapo, au inua tuta. Mizizi ya chai inataka unyevu, ila ikikaa kwenye maji inaoza.

Na la tatu linasahaulika sana, visiki. Kama kulikuwa na mti mkubwa umekatwa juzijuzi mizizi yake ikabaki chini, kuna fangasi anaitwa Armillaria anaishi kwenye mizizi ile na akimaliza anahamia kwenye chai. Ng'oa kisiki na mizizi yote unayoweza kuifikia. Kama mti bado umesimama na unapanga kuukata ili upate nafasi, menya gome kuzunguka shina kwanza uuache ukauke wima, wanga kwenye mizizi unaisha na fangasi anakosa chakula.

Hatua ya tatu: kupata miche

Njia nyepesi ni kununua kwenye kitalu kilicho karibu na maeneo ya chai, miche ya kwenye viriba yenye urefu wa sentimita 20 hivi na majani magumu ya kijani iliyoiva, sio ile laini iliyotoka kivulini jana. Ukiwa Kenya unaweza kuulizia ile ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka 2011, majani yake machanga ni ya rangi ya damu ya mzee na kwa bustani ya nyumbani mi naona hakuna kichaka kizuri kama kile.

Ukitaka kuotesha mwenyewe kwa vipandikizi, na inafurahisha sana, unahitaji kichaka mama ambacho hakijachumwa kwa miezi kama sita kimeachwa kirefushe matawi. Kata tawi asubuhi mapema likiwa bado na maji, tupa ncha laini ya juu na tupa sehemu ngumu ya kahawia ya chini, unatumia ile ya katikati. Kila kipandikizi ni jani moja tu na kipande cha shina cha sentimita 3 au 4 chini yake, kata kwa kisu kikali kwa mshazari, na hakikisha kile kijicho kwenye kwapa la jani kipo kizima maana ndo mti wako huo. Vitie kwenye ndoo ya maji mara moja.

Kwenye viriba usiweke samadi hata kidogo! Hapa watu wanaoza vipandikizi kwa huruma. Juu, sentimita 7 mpaka 8, weka udongo wa chini, yaani ule mwekundu unaoupata ukishachimba ukavuka ule mweusi, hauna rutuba na hauna vijidudu vingi na ndo unaotakiwa. Chomeka shina mpaka jani likaribie kugusa udongo lakini lisiguse, lowesha vizuri, kisha funika kitalu chote na nailoni nyeupe inayopitisha mwanga juu ya fito zilizopindwa, kingo zizikwe kwenye udongo hewa isitoke, na juu yake kivuli cha nyasi au neti. Ukiwa umefunga sawasawa maji yanazunguka humo humo ndani, unaweza kukaa wiki tatu hivi bila kumwagilia. Usifungue fungue kuchungulia. Mizizi inakuja baada ya miezi miwili mpaka mitatu, kisha unaanza kufungua nailoni kidogo kidogo miche izoee hewa ya nje, na inakuwa tayari kwenda shambani ikiwa na miezi kama minane mpaka mwaka.

Mbegu nazo zinawezekana, ila zinapoteza uhai haraka sana zikikauka. Zitie kwenye maji, zinazozama panda, zinazoelea tupa. Mti wa mbegu unakuwa na mzizi mkuu unaoenda chini kwahiyo unavumilia ukame kuliko wa kipandikizi, lakini kila mti utakuwa na tabia yake maana chai karibu yote inachavushwa na mti mwingine.

Hatua ya nne: kupanda

Panda mvua zikishakolea, sio mvua ya kwanza ya kudanganya. Shimo la upana wa sentimita 25 na kina cha 45. Kwa uzio acha sentimita 60 mpaka 75 kati ya mche na mche, ukiwa na mistari zaidi ya mmoja acha mita 1.2 katikati upate pa kupita. Chana kiriba ukitoe chote, wapo wanaopanda na nailoni yake eti mizizi itajitafutia njia, haijitafutii. Mche ukae usawa ule ule uliokuwa nao kwenye kiriba, usifukie shingo. Shindilia kwa ngumi, sio kwa kisigino.

Halafu kivuli. Miezi ya mwanzo chomeka matawi ya kangaga au makuti upande linakopiga jua la mchana, yanakauka taratibu na kadri yanavyopukutika ndivyo mche unavyozoea jua. Kama kuna upepo, mgrivilea mmoja au miwili kwa mbali inasaidia.

Tandaza nyasi kavu unene wa kiganja, ukiacha nafasi ndogo kuzunguka shina lisioze. Matandazo kwenye chai siyo pambo, mizizi mingi inayokula iko juu juu tu, kwahiyo jembe lisikaribie, magugu ng'oa kwa mkono. Sangari usiiache hata wiki moja, ikishaingia katikati ya mizizi hutoitoa.

Wa chungu: ndoo au chungu cha sentimita 40 chenye matundu ya kutosha, udongo mwekundu wa milimani, mboji ya majani iliyooza vizuri isiyo na majivu, na mchanga kidogo wa mtoni, sio wa baharini. Kinga maji ya mvua. Maji ya kisima ya sehemu kama Dodoma yana chumvi na chokaa, ukiyamwagilia mwaka mzima pH inapanda polepole mpaka unashangaa majani yamekuwaje.

Hatua ya tano: chakula

Chai inakula naitrojeni kuliko kitu kingine kwa sababu unachovuna ni majani. Mbolea ya chai huwa ni NPK ya 25-5-5 au inayokaribiana nayo, mche mchanga unatosha kijiko kimoja cha chai mara mbili kwa mwaka wakati udongo una unyevu, mwaga kwa duara mbali kidogo na shina. SA (salfeti ya amonia) nayo ni nzuri kwa chai maana inaongeza asidi. CAN, ile mbolea ya kukuzia, usiweke, ina chokaa ndani yake. Samadi iliyooza kabisa unaweza kuweka kiasi mmea ukishashika, ila isiwe ile iliyochanganyika na majivu ya zizini kama wanavyofanya wafugaji wengi.

Hatua ya sita: kuifundisha umbo

Chai ya Assam ukiiacha inakuwa mti wa mita kumi na zaidi, kwahiyo kukata ni lazima. Shina likishanenepa kama penseli, likate kwenye sentimita 15 kutoka ardhini. Najua inauma, umeusubiri mche mwaka mzima halafu unaukata, lakini ndo unaolazimisha matawi ya pembeni. Yakikua kata tena kwenye 28 au 30, baadaye kwenye 40, kisha acha mpaka ipite nusu mita uanze kusawazisha juu pawe meza tambarare. Hiyo yote inachukua kama miaka miwili mpaka mitatu na hakuna njia ya mkato.

Ukishaanza kuchuma, meza inapanda taratibu kila mwaka, kwahiyo kila baada ya miaka mitatu mpaka minne unaikata yote kurudi chini, sentimita tano juu ya pale ulipokata mara ya mwisho, kipindi cha baridi na mawingu, na matawi uliyokata unayalaza juu ya kichaka yakikinge na jua. Yakidondoka yaache chini yaoze, yamebeba chakula kingi.

Kama unataka na maua, acha vichaka viwili vitatu bila kuchuma. Kuchuma mara kwa mara kunazuia maua, ndo mana watu wamezaliwa Kericho na Mufindi hawajawahi kuyaona kwa karibu.

Wadudu kwa nyumbani siyo shida kubwa. Kiangazi utitiri unafanya majani yawe ya rangi ya shaba, nyunyizia maji kwa nguvu pande zote za majani. Vidukari kwenye ncha laini, maji ya sabuni ya kipande. Ukiona masizi meusi juu ya majani tafuta wadudu wa magamba kwenye matawi, wao ndo wanadondosha utomvu unaootesha masizi, wasugue. Lakini mti ukinyauka ghafla wote majani yamekauka yakabaki yameng'ang'ania, fukua shingoni ubandue gome, ukikuta utando mweupe unaonuka uyoga hiyo ni ile Armillaria, ng'oa mti na mizizi yote uchome mbali na bustani, usipande chai hapo tena kwa muda mrefu.

Kuchuma na kutengeneza

Majani mawili na kichipukizi, basi. Jani la tatu ni gumu na linaharibu ladha. Mvua zikiwa nzuri unarudi kila siku 7 mpaka 10. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi zinatoa kilo moja ya chai kavu, kwahiyo vichaka kumi usitegemee gunia, tegemea kikombe kizuri.

Chai ya kijani ndo rahisi. Siku hiyo hiyo uliyochuma, weka majani kwenye mvuke dakika moja au mbili au yageuze geuze kwenye sufuria ya moto mkavu mpaka yalegee na harufu ya ubichi iondoke, hapo umezuia yasibadilike rangi. Yaviringishe kwa viganja yakiwa ya vuguvugu, kisha yakaushe kwa moto mdogo sana mpaka yavunjike ukiyabana.

Ya rangi inataka usiku kucha. Tandaza majani kwenye ungo au mkeka kivulini, unene mdogo, saa 12 mpaka 18, mpaka kikonyo kipinde bila kukatika. Kisha viringisha kwa nguvu kwenye ubao nusu saa nzima, unataka uyaponde yatoe maji yake, mikono itanata na kuwa ya kijani. Tandaza tena ndani, funika na kitambaa chenye unyevu kisigusane na majani, saa moja mpaka tatu kutegemea na joto la siku hiyo. Macho na pua ndo saa yako hapa: rangi inaenda kwenye shaba na harufu inatoka kwenye nyasi inaenda kwenye matunda. Ikifika hapo usingoje, ingiza kwenye oveni nyuzi 100 dakika 20 mpaka 30, au sufuria pana kwenye moto wa mkaa uliopoa ukigeuza bila kuacha.

Haitakuwa nyeusi na kali kama ya dukani kwa sababu ile inakatwakatwa vidogo vidogo na mashine, hii ni ya majani mazima, inataka maji yaliyochemka na dakika nne ndani ya birika lililofunikwa, na onja kwanza bila maziwa. Hifadhi kwenye kopo kavu lisilopitisha mwanga, mbali na vitunguu na viungo maana chai inavuta harufu za jirani. Ya rangi inakaa hata mwaka, ya kijani imalize ndani ya miezi michache.